Je, ukinzani wa umeme ni msuguano wa elektroni?

Swali: "Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba ukinzani wa umeme ni msuguano wa elektroni zinapopita ndani ya waya. Lakini kitabu kinasema msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana, ilhali ukinzani hupungua waya ukiwa mnene. Kama ni kitu kimoja, mbona kanuni zinapingana? Na kwa nini plagi ya hita hupata moto pale inapoingia kwenye soketi, wakati waya wake ni wa vuguvugu tu?"

Jibu: Swali lako la mwisho, hilo la plagi, ndilo lenye ufunguo wa lile la kwanza, kwa hiyo naliweka mwishoni kwa makusudi. Tuanze na mwalimu. Hakukosea, ila alichowapa ni mfano, na inabidi tuone mfano huo unafika wapi na unakwama wapi.

Unafika vizuri kabisa kwenye joto. Sukuma kitabu juu ya meza kisha ukiachie. Kitateleza kidogo na kusimama. Kilipokuwa kinateleza, atomi zake zote zilielekea upande mmoja kwa pamoja. Kiliposimama, mwendo ule haukupotea, umetawanyika: atomi za kitabu na za meza pale zilipogusana sasa zinatetemeka zaidi kuliko mwanzo, kila moja kivyake, na mtetemo huo usio na mpangilio ndio joto lenyewe. Ndani ya waya ni vivyo hivyo. Elektroni zinasukumwa upande mmoja na volteji, zinavurugwa njiani, na nishati ziliyopewa inaishia kwenye mtetemo wa atomi za waya. Kwa hili msuguano na ukinzani ni ndugu wa tumbo moja.

James Joule alivipima vyote viwili. Mwaka 1841 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba joto linalozalishwa na waya hukua kwa mraba wa mkondo. Katika miaka hiyohiyo ya 1840 akawa anakoroga maji kwa makasia madogo yaliyozungushwa na uzani unaoshuka taratibu, huku akipima maji yanavyopanda joto. Leo tunajua hesabu ni ileile bila kujali nishati imetoka wapi: takriban jouli 4.2 kupandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, iwe ni waya uliozamishwa majini au ni makasia. Kabla yake, mwaka 1798, Benjamin Thompson alikuwa ameshaeleza jinsi mizinga iliyokuwa ikitobolewa mjini Munich ilivyotoa joto lisilokwisha maadamu farasi wanaendelea kuzungusha mtambo.

Udugu unaishia hapo. Kabati zito ukilisukuma kwa kidole halisogei. Ongeza kani kidogo, bado. Msuguano unakujibu kwa kani ileile unayoitoa wewe, si zaidi wala pungufu, mpaka ufike kikomo. Ukikipita, kabati linaachia ghafla, na kwa kawaida kulisukuma likiwa linakwenda ni rahisi kuliko kulianzisha. Waya hauna kikomo cha namna hiyo. Georg Ohm alionyesha mwaka 1827 kwamba mkondo huenda sambamba na volteji: punguza volteji kwa nusu, mkondo nao unapungua kwa nusu. Ishushe hadi sehemu ya milioni ya volti, waya wa shaba bado unapitisha mkondo. Ni mdogo, lakini upo. Elektroni za shaba hazingoji kusukumwa kwa nguvu fulani ndipo ziondoke.

Kasi nayo inawatenganisha. Coulomb, yuleyule wa sheria ya chaji, alichunguza msuguano kwa kina katika kazi iliyochapishwa mwaka 1785, akaona kwamba kitu kikiwa tayari kinateleza, msuguano wake haubadiliki sana ukikiharakisha au ukikipunguzia mwendo. Elektroni ni kinyume: kadiri zinavyosukumwa ziende kasi, ndivyo zinavyopingwa zaidi. Ukitaka mfano wa kumpelekea mwalimu, mpelekee jiwe dogo linalozama ndani ya asali. Uzito unalivuta chini, asali inalipinga, na upinzani unakua pamoja na kasi mpaka kani hizo mbili zinalingana. Kuanzia hapo jiwe linashuka kwa mwendo uleule, na kani ya kulivuta ikiongezeka maradufu, mwendo huo nao unakuwa maradufu. Hiyo ndiyo sura ya sheria ya Ohm. Huo nao ni msuguano, lakini ni wa mnato. Kitabu chako kinaposema msuguano hautegemei eneo, kinazungumzia vitu vikavu viwili vinavyosuguana nyuso.

Unaweza kulihakiki jambo hili kwa hesabu ya joto. Kokota sanduku kwa kasi maradufu: kani ya msuguano ni ileile, umbali kwa sekunde ni mara mbili, basi joto kwa sekunde ni mara mbili. Sasa pitisha ampea 10 kwenye ukinzani wa omu 0.1: unapata wati 10. Pitisha ampea 20: unapata wati 40, yaani mara nne. Ule mraba wa Joule unatokana na upinzani wenyewe kukua pamoja na mkondo. Ingekuwa elektroni zinasuguana na waya kama sanduku na sakafu, mraba huo usingekuwepo.

Elektroni zenyewe zinapingwa na nini, maana hakuna uso wowote zinaousugua? Hapa vitabu vingi vya shule vinapita haraka mno. Picha ya kawaida, iliyopendekezwa na Paul Drude mwaka 1900, ni ya elektroni zinazogonga atomi za waya moja baada ya nyingine. Inasaidia kuanzia, lakini vipimo vinaikataa. Ndani ya shaba, atomi jirani ziko umbali wa kama nanomita 0.26 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), wakati elektroni katika joto la kawaida la chumbani husafiri karibu nanomita 40 kabla ya kupoteza mwelekeo. Inapita atomi zaidi ya mia moja bila kuguswa. Inawezekanaje?

Felix Bloch alilijibu mwaka 1928. Elektroni ndani ya metali inaenenda kama wimbi, na wimbi likipita kwenye atomi zilizopangwa kwa safu kamilifu halitawanyiki hata kidogo. Kwa hiyo atomi kuwepo njiani si kosa. Kosa ni atomi kukaa mahali pasipo pake, iwe kwa sababu zinatetemeka, au kuna atomi ngeni zimechanganyika humo, au safu imevunjika. Ukilishika hili, mambo mengi unayoyakariri yatakuja yenyewe. Shaba ikipashwa moto ukinzani wake hupanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1, kwa sababu atomi zinatetemeka zaidi. Nikromu, ule mchanganyiko wa nikeli na kromiamu unaotengenezewa waya za hita, una ukinzani wa mara 60 na ushei kuliko shaba yenye umbo na ukubwa uleule, kwa sababu humo ndani atomi za aina mbili zimekaa shaghalabaghala, wimbi halipati safu ya kuifuata. Ndiyo maana mkondo uleule unaopita kwenye waya wa shaba unaotoka kwenye plagi na kwenye nikromu iliyo ndani ya hita unaiacha shaba ikiwa vuguvugu na kuifanya nikromu iwe nyekundu. Balbu za zamani za uzi wa tangsteni nazo mara nyingi zilikatika palepale unapowasha: uzi ukiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa ukiwa unawaka, hivyo mkondo wa mwanzo ulikuwa mkubwa sana.

Kasi za elektroni hizi nazo zinashangaza. Katika waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba unaopitisha ampea 1, mkondo mzima wa elektroni unasogea karibu milimita 0.07 kwa sekunde. Mita 1 ingeichukua elektroni kama saa nne. Na huku elektroni hizohizo, kila moja kivyake, zinakwenda huku na kule kwa kasi ya kilomita 1,600 hivi kwa sekunde. Mkondo wa umeme ni mteremko mdogo mno juu ya vurugu kubwa mno, na taa inawaka papo hapo kwa sababu msukumo unazifikia elektroni za waya mzima karibu kwa wakati mmoja.

Kuna hali ambazo upinzani unatoweka. Mwaka 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ilipoteza ukinzani wake wote kwa ghafla. Usidhani mtetemo ulikuwa umekwisha tu. Katika hali hiyo elektroni huungana jozijozi na kusafiri kwa namna nyingine kabisa, na maelezo yake yalipatikana mwaka 1957. Kwa upande wa msuguano wa vitu vikavu hakuna kitu kinacholingana na hicho moja kwa moja, ila naipenda habari moja inayoukaribia: mwaka 2004, palepale Leiden, watafiti walisugua kijipande cha grafiti juu ya grafiti na kuona msuguano ukishuka karibu na sifuri kila walipokigeuza ili safu za atomi za juu na za chini zisioane. Yaani elektroni hupita kwa ulaini pale safu inapokuwa kamili, na grafiti huteleza kwa ulaini pale safu mbili zinapokataa kuingiliana.

Sasa eneo, ambalo ndilo lililokukera.

Upande wa waya hakuna fumbo. Waya wenye eneo la mkato maradufu ni sawa na waya mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Kila mmoja unapitisha mkondo wake, kwa hiyo jumla ni mara mbili na ukinzani ni nusu. Elektroni zimejaa ndani ya shaba yote, na shaba yote inafanya kazi.

Fumbo liko upande wa msuguano. Leonardo da Vinci aliliona na kuliandika kwenye madaftari yake, ambayo hayakuchapishwa wakati wake. Guillaume Amontons akaligundua upya mwaka 1699. Laza tofali kwa upande wake mpana au lisimamishe kwa upande mwembamba, kani ya kulisogeza ni ileile. Kinachohesabika ni kani inayokandamiza tu. Kwa nini?

Kwa sababu eneo unaloliona kwa macho silo linalogusana. Uso wa chuma uliolainishwa vizuri, ukiutazama kwa karibu sana, una vilele na mabonde. Ukiweka chuma juu ya chuma, vilele vichache tu vinakutana, na kwa kuwa uzito wote umeviangukia hivyo vichache, vinapondeka. Vinaendelea kupondeka, na vingine vipya vinakutana, mpaka eneo la jumla lililopondeka linatosha kuubeba mzigo. Hapo ndipo mambo yanatulia. Kwa hiyo eneo la kweli linaamuliwa na vitu viwili, mzigo na ugumu wa metali. Ukubwa wa uso haumo kwenye hesabu hiyo.

Tupige hesabu. Chuma laini cha kawaida kinaanza kupondeka kwa shinikizo la kama nyutoni 1,500 kwa milimita 1 ya mraba. Kipande cha kilo 1 kinakandamiza kwa nyutoni 10. Gawanya: eneo la kweli linalogusana ni karibu milimita za mraba 0.007. Kama kipande hicho kina uso wa sentimita 10 kwa 10, ambao ni milimita za mraba 10,000, basi kinachogusa kweli hakifiki hata sehemu moja ya milioni ya unachokiona. Kigeuze ukilaze kwa upande wenye nusu ya eneo: mzigo ni uleule, ugumu ni uleule, eneo la kweli ni lilelile milimita za mraba 0.007. Weka kilo 2, linakuwa maradufu, na msuguano unakuwa maradufu.

Kwa hiyo kanuni ya kitabu chako haisemi kwamba msuguano haujali eneo. Unalijali sana; tena kwa metali unafuatana na eneo la kweli hatua kwa hatua. Ila eneo hilo linapangwa na mzigo, wala huwezi kuliongeza kwa kupanua kitu. Pia si kanuni ya kila mahali. Mpira laini unajikunja na kujaza mabonde, gundi ndiyo kabisa, na huko upana una maana. Hata metali zikisawazishwa na kusafishwa kupita kiasi zinaanza kunatana badala ya kuteleza. Mtu anayekuambia msuguano ni ukwaruzaji wa vilele tu muulize kwa nini vipande vya chuma vilivyosawazishwa kwa ajili ya kupimia urefu vinashikamana vikibanwa pamoja.

Na tulijuaje ukubwa wa eneo ambalo hakuna jicho linaloweza kulitazama, maana limefichwa kati ya metali mbili? Kwa kupitisha umeme. Frank Bowden na David Tabor, wakiwa Cambridge, walikandamiza metali mbili pamoja, wakapima ukinzani kati yake, na mwaka 1939 wakachapisha matokeo. Eneo la kugusana lilikuwa dogo mno, lilikua na mzigo, na halikutegemea kwa kiasi cha maana ukubwa wa nyuso. Unaona basi: ukinzani ndio uliotumika kufichua siri ya msuguano.

Tumefika kwenye plagi yako. Mkondo unaotoka kwenye waya mnene wa shaba ukifika pale pini inapogusa kibanio cha ndani ya soketi, unakuta ile sehemu ndogo ya kweli ndiyo njia pekee. Mkondo wote unajibana kupita kwenye vitone vichache. Juu ya hapo metali zina ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha umeme vizuri. Kibanio kikiwa kimekaza, vitone ni vingi, ngozi hiyo imepasuliwa, na ukinzani ni wa sehemu ya elfu ya omu au pungufu. Kwa ampea 10 hiyo ni wati 0.1, haisikiki. Kibanio kikilegea, ukinzani ukapanda hadi omu 0.1, zinakuwa wati 10. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba ungehitaji urefu wa karibu mita 6 kutoa joto hilo, na ungelitapanya hewani kwa urefu wote. Kwenye plagi limekusanyika mahali padogo kuliko punje ya mchele, tena ndani ya plastiki.

Hapa pia mfano wa mwalimu unageuka kichwa chini. Plagi inayoingia kwa shida ina msuguano mkubwa, kwa sababu kibanio kinakandamiza sana na eneo la kweli ni kubwa. Eneo hilohilo kubwa ndilo linaloupa umeme njia pana. Plagi inayoingia bila kuhisi chochote mkononi ina msuguano mdogo na ukinzani mkubwa. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka, na sababu ni moja.

Tatizo likianza huwa linajilisha lenyewe. Joto linadhoofisha kibanio, kibanio kikilegea eneo linapungua, oksidi inazidi kuwa nene, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Na fyuzi haitakusaidia, kwa sababu fyuzi inakatika mkondo ukizidi, na hapa mkondo haujazidi; kama umebadilika, basi umepungua kidogo kwa ule ukinzani ulioongezeka. Plagi inaweza kuyeyuka huku fyuzi iko salama. Kwa hiyo hita yako ikiipasha plagi moto kiasi cha kutoweza kuishika, au plastiki ikageuka rangi ya kahawia, izime, chomoa, na usiitumie tena kwenye soketi hiyo. Fundi akate umeme, akaze skrubu zinazobana waya ndani ya plagi na nyuma ya soketi, na kama kibanio chenyewe kimelegea, soketi ibadilishwe pamoja na plagi. Ukibadilisha plagi pekee, pini mpya itaingia kwenye kibanio kilekile kisichokandamiza.